Kinga inayookoa na kinga inayoua: utafiti wa Vishva Dixit kuhusu kifo cha seli

Vishva Mitra Dixit ni daktari na mtafiti mzaliwa wa Kenya, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amechunguza jinsi seli, yaani chembe hai zinazounda mwili, zinavyokufa pale mwili unapopambana na vijidudu vya maradhi. Kazi hiyo ameifanya nchini Marekani, lakini imesaidia kujibu swali linalowagusa moja kwa moja wakazi wa Gitega, Muyinga na kwingineko nchini Burundi: kwa nini mgonjwa mwenye homa kali huweza kufariki hata baada ya kupewa dawa inayoua vijidudu vilivyomwingia?

Jibu kwa ufupi ni kwamba, katika maambukizi mazito, kinachoua si kijidudu peke yake. Mwili wenyewe, katika kujitetea, hupasua baadhi ya seli zake ili kumfichua adui na kuwaita walinzi wengine. Ulinzi huo ukibaki mahali pamoja, humwokoa mgonjwa. Ukisambaa mwili mzima, humwangamiza. Makala hii inaeleza ni nini kilichogunduliwa, kiligunduliwa vipi, na kwa nini ugunduzi huo unafanya saa za mwanzo za homa kuwa na uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Homa moja, vyanzo vingi

Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, uko katikati ya nchi kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Muyinga uko kaskazini-mashariki, karibu na mipaka ya Tanzania na Rwanda, kwenye njia inayoelekea kituo cha mpakani cha Kobero. Zamani ilidhaniwa kwamba miinuko ya ndani ya nchi ilikuwa salama zaidi dhidi ya malaria kuliko bonde la Imbo, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Dhana hiyo imekanushwa na matukio. Mwaka 2000 na 2001 mlipuko mkubwa wa malaria uliikumba miinuko ya Burundi, na mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza rasmi mlipuko mwingine wa ugonjwa huo nchini.

Kwa sababu hiyo, mtoto anaposhikwa na homa, wazo la kwanza la mzazi ni malaria. Mara nyingi wazo hilo ni sahihi. Lakini si mara zote, na hapo ndipo hatari inapojificha.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, kuanzia Agosti 1998 hadi Julai 2002, na kuchapishwa mwaka 2005, ulichunguza damu ya watoto waliolazwa kwa kuiotesha maabara ili kuona kama ilikuwa na bakteria. Miongoni mwa watoto wachanga wasiofikisha siku 60, bakteria walipatikana kwa asilimia 12.8. Miongoni mwa waliozidi umri huo, walipatikana kwa asilimia 5.9. Hata hivyo, watoto hao wachache walichangia zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo. Theluthi moja ya waliofariki wakiwa na bakteria kwenye damu walifariki siku ileile ya kulazwa, na saba kati ya kila kumi walifariki ndani ya siku mbili.

Takwimu za Kilifi haziwezi kuhamishiwa Muyinga au Gitega kama zilivyo, kwa kuwa mazingira na hali ya hewa hutofautiana. Zinachothibitisha ni jambo linalovuka mipaka: homa inayofanana na malaria inaweza kuwa maambukizi ya bakteria kwenye damu, na mgonjwa wa namna hiyo huzidiwa kwa kasi kubwa. Aidha, kuonekana kwa vimelea vya malaria kwenye kipimo hakuondoi uwezekano wa mtoto huyohuyo kuwa na bakteria pia.

Kutoka Nairobi hadi California

Dixit alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1980. Baadaye alikwenda Marekani, akapata mafunzo zaidi katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mjini St. Louis, kwenye taaluma ya patholojia, yaani elimu ya kuyatambua maradhi kwa kuchunguza tishu na seli. Kutoka huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan akiwa mwalimu na mtafiti. Mwaka 1997 alihamia Genentech, kampuni ya dawa iliyoko South San Francisco katika jimbo la California, ambayo sasa inamilikiwa na kampuni ya Roche ya Uswisi. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani.

Mtaalamu wa patholojia huona seli zilizokufa kila siku chini ya hadubini. Kwa muda mrefu, wengi waliziona seli hizo kuwa mabaki tu ya vita. Dixit na wenzake wa kizazi chake waliuliza swali tofauti: je, seli huuawa, au hujiua? Na kama hujiua, ni nani anayetoa amri?

Kifo cha utulivu

Mwaka 1972, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Aberdeen nchini Uskoti, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walieleza aina ya kifo cha seli inayofuata mpangilio maalumu. Waliiita apoptosisi, neno la Kigiriki linaloashiria kupukutika kwa majani. Katika kifo hicho seli husinyaa, hujikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli jirani huvimeza vipande hivyo. Hakuna kinachomwagika. Hakuna uvimbe wala homa. Ni kama fundi anayeibomoa nyumba tofali kwa tofali na kuondoka na kifusi chake, bila kuwasumbua majirani.

Kifo cha namna hiyo hutokea mwilini kila siku, kwa seli nyingi mno, na bila hicho hakuna afya. Vidole vya mtoto aliyemo tumboni hutengana kwa sababu seli zilizo katikati yake hufa kwa utaratibu huo. Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2002 kwa kazi waliyoifanya juu ya mnyoo mdogo, ambayo ilionyesha kwamba kifo hicho kinaongozwa na jeni. Mwaka 1993, jeni moja ya mnyoo huyo ilibainika kufanana na kimeng'enya cha binadamu. Kutoka hapo ikajulikana familia nzima ya vimeng'enya vinavyokata proteini nyingine ndani ya seli. Familia hiyo inaitwa kaspasi.

Hapa ndipo mchango wa kwanza mkubwa wa Dixit ulipoonekana. Ilijulikana kwamba juu ya seli kuna vipokezi vinavyoweza kuletewa amri ya kufa. Haikujulikana amri hiyo inafikaje ndani. Mwaka 1995, kundi lake huko Michigan lilieleza proteini iitwayo FADD, inayojishikiza kwenye kipokezi kama daraja. Mwaka 1996 likaeleza kimeng'enya kinachoshikwa na daraja hilo, ambacho leo kinaitwa kaspasi-8. Kundi la David Wallach nchini Israel lilifikia matokeo ya aina hiyo wakati uleule. Njia ikawa wazi: amri hupokelewa nje ya seli, huvushwa na FADD, na kaspasi-8 huanza kukata.

Kifo cha moto

Kuna kifo kingine ambacho hakina utulivu wowote. Historia yake inagusa kumbukumbu za Burundi.

Kuanzia mwaka 1979, ugonjwa wa kuhara damu, ambao Warundi wanauita macinya, ulienea katika Afrika ya Kati ukitokea kaskazini-mashariki mwa Zaire ya wakati huo, ukafika Rwanda, Burundi na Tanzania, na kuendelea kuua watu hadi miaka ya 1990. Uliosababisha mlipuko huo ni bakteria aitwaye Shigella dysenteriae aina ya kwanza. Mwaka 1992, Arturo Zychlinsky na Philippe Sansonetti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, pamoja na mwenzao, waliripoti kile kinachotokea pale bakteria wa jamii hiyo ya Shigella anapomezwa na makrofaji, ambayo ni seli ya ulinzi inayomeza vijidudu. Makrofaji ile hufa upesi sana.

Mwanzoni kifo hicho kilidhaniwa kuwa apoptosisi. Baadaye ilionekana kwamba hakifanani nayo. Seli haisinyai, bali huvimba, hupasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake, zikiwemo kemikali zinazoleta homa na kuita seli nyingine za ulinzi. Mwaka 2001, Brad Cookson na Molly Brennan wa Marekani walikipa jina la pairoptosisi, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha moto.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na mwili hufuata kanuni hiyo. Bakteria aliyejificha ndani ya seli hawezi kuonwa na walinzi walio nje. Seli hiyo ikipasuka, bakteria hukosa maficho, na kishindo cha kupasuka huwa mbiu ya mgambo. Seli moja hupotea ili nyingine zisalimike. Tatizo huanza pale seli nyingi mno zinapopasuka kwa wakati mmoja, katika viungo vingi, na moto uliowashwa ili kumuua adui ukaanza kuiteketeza nyumba.

Panya waliokosa jeni mbili

Mwaka 2002 Jürg Tschopp na wenzake mjini Lausanne, Uswisi, walieleza mtambo mdogo wa proteini unaojiunda ndani ya seli pale hatari inapohisiwa. Waliuita inflamasomu. Mtambo huo huiamsha kaspasi-1, na kaspasi-1 hutayarisha kemikali ya homa iitwayo interleukini-1. Mwaka 2004 na 2006, kundi la Dixit, ambalo tayari lilikuwa Genentech, lilionyesha jinsi aina mbalimbali za mtambo huo zinavyotambua bakteria na sumu zao. Mwaka huohuo wa 2006 kundi la Tschopp lilionyesha kwamba mtambo wa aina hiyo huamshwa pia na chembe za fuwele zinazoleta jongo, ugonjwa unaovimbisha kidole gumba cha mguu kwa maumivu makali.

Kwa miaka mingi watafiti waliamini kwamba kaspasi-1 ndiyo inayosababisha kifo cha panya waliodungwa sumu ya bakteria. Ushahidi wao ulikuwa panya wa maabara waliotengenezwa bila jeni ya kaspasi-1. Panya hao walidungwa sumu na hawakufa. Ilionekana kuwa hoja imekwisha.

Mwaka 2011, Nobuhiko Kayagaki, Dixit na wenzao waligundua kasoro ambayo hakuna aliyeiona kwa zaidi ya miaka 15. Ukoo wa panya uliotumiwa kutengenezea wanyama hao ulikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni nyingine iliyo jirani, ya kaspasi-11. Kwa hiyo panya wale hawakukosa kaspasi-1 pekee, bali walikosa zote mbili. Watafiti walipozitenganisha jeni hizo, ilidhihirika kwamba katika kifo kinacholetwa na sumu ile, kaspasi-11 ndiyo yenye nafasi kubwa. Tafiti nyingi zilizotangulia zikalazimika kusomwa upya.

Sumu inayozungumziwa ni lipopolisakaridi, kwa kifupi LPS, mchanganyiko wa mafuta na sukari unaofunika ganda la nje la bakteria wengi, wakiwemo Shigella, Salmonella na E. koli. Tangu mwaka 1998 ilijulikana kwamba mwili huitambua LPS kwa kipokezi kiitwacho TLR4, kilicho juu ya seli. Bruce Beutler, aliyeongoza ugunduzi huo, alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Mwaka 2013 kundi la Dixit na kundi jingine la Marekani lililoongozwa na Edward Miao walionyesha kwamba kuna mlinzi wa pili, aliye ndani ya seli, asiyetegemea TLR4. Panya wasio na TLR4, kinga yao ikiamshwa kwanza kwa njia nyingine, bado walikufa kwa LPS. Waliokosa kaspasi-11 walipona. Mwaka uliofuata, kundi la Feng Shao mjini Beijing lilionyesha kwamba kaspasi-11 hujishikiza yenyewe kwenye LPS, na kwamba kwa binadamu kazi hiyo hufanywa na kaspasi-4 na kaspasi-5.

Matundu, kisha mpasuko

Lilibaki swali moja: kaspasi hiyo hukata nini hadi seli ipasuke? Mwaka 2015 kundi la Dixit na kundi la Shao, kila moja kwa njia yake, yalitoa jibu moja katika jarida la Nature. Kinachokatwa ni proteini iitwayo gasdemini D. Ikiwa nzima, haina madhara. Ikikatwa, kipande chake kimoja huenda kwenye utando unaoizunguka seli, hujikusanya na wenzake katika umbo la pete, na kutoboa matundu. Kupitia matundu hayo, kemikali za homa hutoka na maji huingia.

Kwa muda iliaminika kwamba hatua ya mwisho haikuhitaji maelezo: maji yakiingia, seli huvimba kama puto na kupasuka. Januari 2021, Kayagaki, Dixit na wenzao walionyesha kwamba imani hiyo ilikuwa na upungufu. Mpasuko wenyewe unahitaji proteini nyingine, NINJ1. Proteini hiyo ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1996, ilipoelezwa na watafiti wa chuo kilekile cha St. Louis alikopitia Dixit, lakini wakati huo ilihusishwa na majeraha ya mishipa ya fahamu. Seli za panya zisizo na NINJ1 zilivimba na kufa, lakini hazikupasuka kama kawaida.

Tofauti kati ya kufa na kupasuka ina uzito mkubwa katika tiba. Seli iliyokufa bila kupasuka hubaki imefunga mengi ya yaliyomo ndani yake. Iliyopasuka huyamwaga yote, na yaliyomwagika huchochea uvimbe zaidi. Mwaka 2023 kundi hilo liliripoti kwamba kingamwili inayoizuia NINJ1 ilipunguza madhara ya ini kwa panya. Hata hivyo, utafiti wa 2021 ulikuwa tayari umetoa tahadhari: panya waliozaliwa bila NINJ1 walidhurika zaidi walipoambukizwa bakteria fulani wa utumbo. Anayeuzima moto wote huondoa pia ulinzi.

Vijidudu navyo vinaijua njia hii. Mwaka 2013 ilibainika kwamba Shigella huingiza ndani ya seli za binadamu proteini inayoizuia kaspasi-4. Bakteria asingekuwa na silaha ya aina hiyo kama mpasuko wa seli haungekuwa tishio kwake.

Sepsisi: moto uliotoka jikoni

Hali ambayo mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi huanza kuharibu viungo vyake wenyewe inaitwa sepsisi. Shinikizo la damu hushuka, figo huacha kufanya kazi, pumzi hubana na fahamu hupotea. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi, na milioni 11 walifariki katika hali hiyo. Mzigo mkubwa zaidi ulikuwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huohuo wa 2017, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yaishughulikie sepsisi kama suala la afya ya umma.

Juhudi za kutafuta dawa ya kuutuliza mwitikio huo zimegonga mwamba mara nyingi. Dawa iitwayo eritoran, iliyobuniwa kuizuia TLR4, ilijaribiwa kwa takriban wagonjwa 2,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba haikupunguza vifo. Kuwepo kwa mlinzi wa pili ndani ya seli, asiyepitia TLR4, ni mojawapo ya maelezo yanayoweza kutolewa. Maelezo mengine ni kwamba wagonjwa wengi hufika moto ukiwa umeshawaka, na kuufunga mlango ulioingiza cheche hakusaidii tena.

Historia ya tiba inaonya pia dhidi ya haraka. Mwaka 1982 ilichapishwa taarifa ya majaribio yaliyofanywa Thailand, ambako wagonjwa 100 wenye malaria iliyopanda kichwani waligawanywa, baadhi wakapewa deksamethasoni, dawa inayotuliza uvimbe. Haikuwaokoa, bali iliwarefushia muda wa kupoteza fahamu. Dawa hiyohiyo, mwaka 2020, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Covid-19 waliohitaji oksijeni. Kinga inayopaswa kutulizwa katika ugonjwa mmoja inaweza kuwa ndiyo tegemeo katika ugonjwa mwingine.

Vilevile tiba iliyothibitishwa Ulaya inaweza kutoa matokeo tofauti Afrika. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyowahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kuwaongezea maji ya mshipa kwa wingi na kwa kasi, desturi iliyokuwa ikipendekezwa kwingineko, kuliongeza vifo: takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji kwa namna hiyo. Kwa hiyo hata dawa itakayotokana na utafiti wa gasdemini D au NINJ1 itapaswa kupimwa katika hospitali zinazofanana na za Gitega na Muyinga kabla ya kutumiwa huko.

Maana yake kwa familia

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzuia seli zisipasuke katika sepsisi. Lakini elimu hii inasaidia kueleza mambo ambayo wahudumu wa afya huyasisitiza bila kupata nafasi ya kuyafafanua.

La kwanza ni muda. Antibiotiki humuua bakteria, lakini haizimi yenyewe mwitikio uliokwisha kuanza. Ikitolewa mapema, huondoa chanzo kabla ya moto kusambaa. Ikichelewa, bado ni ya lazima, ila kazi yake huwa ngumu zaidi. Siku mbili za kusubiri nyumbani kwa mizizi au vidonge vilivyobaki vya mgonjwa mwingine zinaweza kuwa ndizo siku mbili zilizotajwa katika takwimu za Kilifi. Tangu Mei 2006, matibabu ya watoto wasiozidi miaka mitano na huduma za kujifungua katika vituo vya umma Burundi yametangazwa kuwa bila malipo, na utaratibu huo uliwekwa ili familia zisichelewe kwa kuogopa gharama.

La pili ni kupima. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, homa bado ina chanzo, na mzazi ana haki ya kuuliza ni kipi. Kikionyesha kuna vimelea, na mtoto hapati nafuu baada ya kuanza dawa, anapaswa kurudishwa kituoni bila kusubiri dozi iishe.

La tatu ni dalili za hatari. Kwa mtoto mdogo, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataja nne zinazohitaji kituo cha afya mara moja: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, degedege, na kulegea kupita kiasi au kupoteza fahamu. Kupumua haraka ni dalili nyingine. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, kiwango hicho ni pumzi 40. Mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa asisubirishwe hata bila dalili nyingine. Kumhesabia mtoto pumzi kunahitaji saa tu na utulivu wa dakika moja.

La nne ni dawa zinazouzwa bila cheti. Deksamethasoni na dawa za jamii yake hushusha homa na kumfanya mgonjwa aonekane amepata nafuu, huku bakteria wakiendelea kuzaliana. Antibiotiki inayotumiwa nusu dozi huacha bakteria walio sugu. Shigella wa Afrika ya Kati walipata usugu dhidi ya dawa moja baada ya nyingine katika miaka ya 1980 na 1990, na hilo lilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya mlipuko wa macinya uwe mgumu kuudhibiti.

Utafiti wa kifo cha seli bado unaendelea. Makampuni na vyuo kadhaa vinajaribu kwa binadamu dawa za kuzuia inflamasomu, kwanza katika magonjwa ya uvimbe ya muda mrefu, ambako mgonjwa ana nafasi ya kufuatiliwa kwa miezi. Sepsisi, ambayo huamuliwa kwa saa, itachelewa zaidi. Kwa sasa kinachopatikana katika vituo vya Gitega na Muyinga ni kipimo, antibiotiki, dawa ya malaria na mhudumu anayezijua dalili za hatari, na manufaa yake hutegemea sana mgonjwa amefika katika saa ya ngapi ya homa yake.